Slasha Kabla ya Kamera

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera, nilishika slasha. Nilikuwa nimefika katika ofisi ya mhandisi wa reli hapa Nakuru nikiwa na gauni jipya la maua na viatu vyeupe alivyoninunulia mama. Niliambiwa nimeajiriwa kuwa msaidizi wa mpiga picha, na mimi mpiga picha niliyemjua ni yule wa studio, mwenye pazia lililochorwa ziwa na ndege. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa juu ya troli ya kusukuma, tunapanda kuelekea milima ya Mau, upepo umenivuruga nywele, na mkuu wangu, Msimamizi wa Picha, ananitazama viatu huku akicheka.

"Binti, unakwenda harusini?" aliniuliza. Wazazi wake walitoka Pwani, ingawa yeye alizaliwa hapa hapa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa safi hata akikukaripia.

Tulisimama mahali ambapo mimi niliona nyasi tu. Yeye alisema kuna taruma limepasuka. Taruma ni ule mti uliolazwa chini kubeba reli, na likipasuka, reli hutanuka na behewa huanguka. Akanipa slasha. "Fyeka hatua tano huku na hatua tano kule. Reli haipigwi picha ikiwa imevaa nguo. Mhandisi hataki kuona nyasi, anataka kuona ufa." Nilifyeka mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kisha akaweka kibao chenye namba ya maili iliyoandikwa kwa chaki, akalaza kando ya ufa fimbo ya kipimo yenye rangi nyekundu na nyeupe, akapiga picha moja. Moja tu! Nilirudi nyumbani nikalia, na mama akanipaka mafuta ya kondoo mikononi.

Nimeandika haya kwa ajili ya vijana wanaonitembelea wakidhani kupiga picha ni kuinua simu. Sisi picha yetu ilikuwa ushahidi. Ilisafishwa katika chumba cha giza, kile chumba kisichoingiza mwanga hata wa tundu la ufunguo, halafu ikapelekwa mezani kwa Mhandisi wa Wilaya, mtu mkimya aliyeikagua kwa lenzi ya mkono huku akinywa chai bila sukari. Kama hakuuona ufa vizuri, aliichora msalaba mwekundu na mpiga picha akarudishwa porini kesho yake, mvua inyeshe isinyeshe. Niliwaona wanaume wazima wakiuogopa msalaba ule kuliko nyoka.

Nilihamishiwa Gilgil, kisha Naivasha, ambako ziwa likifura tulipiga picha tukiwa tumekunja suruali hadi magotini. Huko nilifanya kazi chini ya Mkaguzi wa Njia, bwana mmoja aliyetembea kwa miguu kila maili aliyoisimamia na kugonga reli kwa nyundo ndogo, akisikiliza mlio wake. "Mama, jicho hudanganyika," alikuwa akiniambia. Nilimjibu kwamba ndiyo sababu tunafyeka, na alicheka akagonga tena. Baadaye nilirudi Nakuru, yule Msimamizi alipostaafu nikachukua kiti chake, na kila msaidizi aliyeletwa kwangu nilimpa slasha kwanza. Nasema bila haya kwamba miaka yangu yote kazini hakuna picha yangu iliyorudishwa na msalaba mwekundu. Niliringa nayo hiyo, na kiburi changu mtakiona kilipoishia.

Katika njia zote tulizozitunza, iliyonitoa jasho zaidi ni tawi moja la mlimani lililoitwa na watu Laini ya Mbao. Lilipanda kutoka bondeni likijizungusha hadi kwenye viwanda vya kupasua miti. Huko juu, maili ya kumi na sita, kulikuwa na mahali mlima ulipopasuliwa katikati ili reli ipite, kuta za mawe huku na huku, juu kidogo ya vimo viwili vya mtu. Sisi tulipaita Mpasuko. Genge la hapo, yaani kikosi cha vibarua wa njia, liliongozwa na mnyapara aitwaye Langat, mtu mfupi wa mabega mapana asiyependa mzaha na nyasi. Nikifika, nilikuta Mpasuko umefyekwa hadi udongo unaonekana. Viwanda vilipofungwa, treni ilikoma kupanda. Reli haikung'olewa, ililala hapo hapo, na mimi nikastaafu nikaja kukaa Section 58, mtaa wa hapa Nakuru, na kuku wangu kumi na mbili.

Miaka mitatu iliyopita, mvua za kwanza zilipokwisha, alinijia injinia mmoja msichana, mpole, mwenye buti zilizojaa matope. Kulikuwa na mpango wa kujenga barabara ya kwenda juu. Kulikuwa na njia mbili za kuchagua: kufuata Laini ya Mbao moja kwa moja na kupita Mpasukoni, au kuiacha kabla ya hapo na kuzunguka mlima. Walihitaji picha za njia nzima, maili kwa maili, ili waamue.

"Mathe, mimi hizo mileposts siwezi hata kuziona," alisema. "Kila mtu ananiambia ni wewe unazijua by heart."

Moyo wangu uliruka! Niliifuta kamera vumbi siku hiyo hiyo. Niliomba wafyekaji wawili, watu wazima wenye slasha zao, na tukaanza chini kwenye maili ya kwanza.

Sikiliza nilichokifanya. Reli ilikuwa imemezwa. Kangaga, ile mimea ya msituni yenye majani kama manyoya, zilikuwa zimefunika mataruma, mizabibu ya mwituni imezifunga nguzo za maili, miti imechipuka katikati ya reli mbili kana kwamba imepewa nafasi ya kusimama foleni. Mbega walitutazama kutoka juu. Na mimi, kwa mazoea ya maisha yangu, nikasema, "Fyekeni hatua tano huku, hatua tano kule." Tukafyeka. Reli ikatokea, nikaweka kibao, nikalaza fimbo, nikapiga. Siku tatu, picha kumi na tano, na kila jioni mjukuu wangu alizihamisha kutoka kwenye kamera hadi simu yake na kumtumia injinia.

Jioni ya tatu alinipigia akiwa na furaha. "Mathe, hii njia iko clean kabisa! Afisa wa barabara amefurahi sana. Anasema kama iko hivi mpaka juu, tupitishe tu straight, hakuna haja ya kuzunguka."

Nililala nikiwa na raha zangu.

Siku ya nne tulifika Mpasukoni, na katikati ya njia alikuwa amesimama mzee mfupi mwenye koti kuukuu, amefungua mikono yake miwili. Wafyekaji walisimama. Nilimtambua kwa mabega.

"Mama Picha," alisema Langat, "hiyo slasha wekeni chini kwanza. Karibu, lakini weka chini."

Tulisalimiana tukaulizana habari za watoto. Kisha akanishika mkono, akanielekeza nitazame juu. Pande zote mbili za Mpasuko mizinga ya nyuki ilikuwa imening'inia, magogo yaliyotobolewa na kuzibwa, nikahesabu thelathini nikaachia hapo. Silibwet, ule mti wa maua meupe ambao asali yake inasifiwa Mau nzima, ulikuwa umeota kutoka kwenye kokoto za reli yenyewe na kujaza Mpasuko wote. Mvumo wa nyuki ulikuwa umetulia, wa kila upande. Hewa ilinukia maua.

"Miaka thelathini nilifyeka hapa nikilipwa," alisema. "Sasa nalipwa nisipofyeka. Watoto wangu wawili wa mwisho wamesomeshwa na hii kichaka. Kuta zinakinga upepo, mti uko, maji yanapita chini ya reli. Hakuna pahali pengine nyuki watakaa hivi. Nimesikia barabara inakuja. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli, na kwamba picha zangu ndizo zitakazosaidia kuamua. Nilisema kwa kujisifu kidogo, Mungu anisamehe.

"Na hizo za huko chini, umepiga aje?"

"Kama zamani."

"Umefyeka."

"Nimefyeka."

Alikwangua udongo kwa kiatu. "Basi huko ofisini wameona reli tu. Wanadhani hapa kuko hivyo hivyo, chuma na mawe. Mama Picha, hiyo haiko sawa."

Nilikaa kwenye jiwe. Niliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Zamani tuliulizwa kama reli ni nzima, na nyasi zilificha jibu, kwa hiyo tuliziondoa. Safari hii niliulizwa kuna nini mahali hapo, na mimi nililiondoa jibu kwa slasha, nikapiga picha ya mabaki. Ng'ombe haelemewi na nunduye, husema wahenga, lakini mimi mazoea yangu yalikuwa yamenielemea na sikujua.

Niliwarudisha wafyekaji wote wawili. Nilipiga Mpasuko kama ulivyokuwa, bila kibao, maana hapakuwa na mahali pa kukisimamisha, na bila fimbo, maana ingezama kwenye kangaga. Kisha nikampigia injinia nikamwambia picha zangu zote kumi na tano ni za uongo.

"Mathe, unasemaje?" Sauti yake ilipungua. "Report inaenda keshokutwa. Afisa ashaziona."

"Mwambie nimekosea mimi, si wewe. Nakuja mwenyewe."

Afisa wa barabara alikuwa mtu mnene, nadhifu, na hakuwa mbaya. Alizipanga picha zangu mezani, kumi na tano upande mmoja na ya Mpasuko upande wa pili. Akaiinua ile moja, akaigeuza huku na huku.

"Mama, hapa sioni reli. Hii ni picha ya msitu."

"Reli iko, bwana. Nilikuwa nimesimama juu yake."

"Kumi na tano unaniambia zina makosa, na hii moja ambayo haina reli ndiyo niamini?"

Swali lilikuwa la haki. Nilikuwa nimelivunja jina langu mwenyewe kwa mkono wangu, na Langat hakuwa na jina lingine la kutegemea mezani pale isipokuwa hilo. "Ningetaka kukudanganya, bwana, ningenyamaza kuhusu zile kumi na tano," nilisema. "Lakini usiniamini. Twende ukaone."

Injinia, Mungu ambariki, alikwishachukua funguo za gari.

Tulifika adhuhuri. Afisa alitangulia kuingia Mpasukoni akiwa na viatu vyake vya kung'aa, akasema, "Sasa hiyo reli iko wa..." na hakumaliza, kwani mguu ulijikwaa kwenye chuma ndani ya kangaga na karibu aanguke kifudifudi. Injinia alimdaka. Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa mimi niliuma shavu. Alipojiweka sawa aliinua macho, akaiona mizinga, akausikia ule mvumo. Langat alivua kofia akampa mkono.

Waliuliza, wakapima, wakatazama ramani na kuigeuza juu chini. Ramani ilionyesha kona ya kuzunguka mlima kwa mstari mnyoofu ambao, ukiuangalia pale, uliishia kwenye jabali. Injinia alikuna kichwa. Ndipo afisa alipomgeukia Langat na kumwuliza, "Mzee, ingekuwa wewe, barabara ungeipitisha wapi?"

Langat alikuwa ameamrishwa maisha yake yote pa kufyeka, pa kuchimba, pa kulaza mataruma, na wakaguzi, na wahandisi, na mimi pia. Nilimwona anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha juu kabisa. Kisha akasema, "Iko njia ya ng'ombe hapo nyuma. Haipandi sana. Njooni," akatangulia.

Barabara sasa inapita huko alikoonyesha. Maili za chini, nilizozifyeka, zimemezwa na lami, na hilo nalikumbuka kila nikipita. Lakini nimestaafu vizuri, afya ninayo, kuku wanataga, na asali haikauki kabatini. Katika picha zote za kazi nilizopiga, nimetundika moja tu sebuleni. Haina kibao, haina fimbo, na haionyeshi ufa wowote. Wakubwa wawili, afisa na injinia, wameipa kamera mgongo na huwezi kuwatambua. Langat yuko mbele yao kwenye majani marefu, vifungo vyote vimefungwa, mkono umenyooka, anawaonyesha njia.