Siku tulipozima moto wa treni ya mvuke na bibi harusi yumo ndani (Joburg)

Wakuu, salama humu? Hii si chai, yamenikuta mwenyewe.

Mimi mtu wa Tanga, nilikuwa naishi Bellevue, Joburg. 2017 nikapata kazi ya kuchochea moto kwenye kichwa cha treni ya mvuke. Makaa na koleo kabisa, msicheke.

Kichwa chenyewe kiliundwa Uingereza. Kilivuta makaa migodini miaka na miaka, kikaegeshwa, halafu kampuni moja ndogo ikakifufua kwa ajili ya watalii wa weekend.

Dereva alikuwa mzee wa Kizulu, Baba Mkhize. Alikiendesha tangu enzi za mgodi.

Kwa wasiojua: maji yakipungua sana kwenye boila huku moto unawaka, boila linalipuka. Hapo hamna majeruhi, ni misiba tu.

Jumamosi moja tukakodiwa na watu wa harusi. Mabehewa yamejaa. Tukiwa tunapanda mlima, pampu ya kuingiza maji kwenye boila ikagoma. Nikajaribu tena, wapi! Kwenye kioo cha kupimia naona maji yanashuka.

Mzee akampigia bosi simu, bosi akafoka:

"Sukuma mpaka kituo kinachofuata, kuna harusi humo!"

Baba Mkhize akakata simu, akafunga breki.

"Mwanangu, mwaga moto."

Eish. Nikaangusha makaa yote chini relini, uso unaungua. Nilijua kazi ndiyo imeisha hivyo.

Bibi harusi akaja mbele ameshikilia gauni. "Mmeniharibia siku yangu!"

Mzee akavua kofia. "Nisamehe, binti yangu. Nilitaka uifikie jioni ukiwa hai."

Shangazi za bibi harusi wakaanza kuimba pale kwenye nyasi, wakaimba mpaka mabasi yakaja kuwachukua. Yeye hakucheka, ila mwisho alicheza.

Baadaye wakaguzi wakafungua boila, wakakuta mabomba yameliwa na kutu. Kichwa kikastaafishwa. Na sisi wawili tukaondolewa kazini.

Siku ya kuaga, Baba Mkhize alikipapasa kile chuma kilichopoa, akasema: "Kimefanya kazi maisha yake yote, na hakijaua mtu."

Nilichojifunza: bosi anayetoa amri kwa simu hayupo karibu na boila. Wewe ndiye upo.

Haya, nani humu alishawahi kukataa amri ya bosi? Iliishaje? Shusheni hapa tusome.