Fundi wa Viti Anayezigonga Boti kwa Mtalawanda

Saa tatu asubuhi, katika uwanja wa kutengenezea boti ufukweni Tudor, Bi Maisara amepiga magoti nyuma ya boti nyeupe ya kasi. Buibui amelifunga kibwebwe. Mkononi ana mtalawanda, kiatu cha mbao cha kuogea alichoachiwa na mamake. Anagonga, anatega sikio, anasogea kidogo, anagonga tena.

“Bi Maisara, kiatu cha chooni ndicho kipimo chako?” anacheka Taha, dalali wa boti.

“Kiatu cha chooni hakijui kusema uongo, Taha. Ndiyo maana nimekuja nacho.”

Maisara ana miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kushona viti vya boti, na cherehani yake iko barazani kwake, Kibokoni, Mji wa Kale. Alisoma hadi darasa la saba. Seti moja ya viti humpa shilingi elfu kumi na tano, na mwezi ukiwa mzuri hupata seti tatu.

Leo hakuitwa kushona. Mnunuzi ni mwanawe, Zaki, ambaye kwa miaka minane ameendesha boti za watu za kutembeza wageni na sasa anataka yake. Taha amempa hadi adhuhuri aamue. Mnunuzi mwingine, asema, yuko njiani kutoka Kizingo.

Boti yenyewe ina urefu wa futi ishirini na moja. Nyuma imening’inizwa mashine mbili, kila moja ya nguvu za farasi mia mbili.

“Yaenda kama risasi,” asema Taha.

“Na risasi hairudi,” Maisara anamjibu.

Kando ya usukani pana kibati kidogo cha kiwandani, kimepakwa rangi juu. Maisara anakikwangua kwa ukucha hadi maandishi yatoke: jumla ya mashine isizidi nguvu mia mbili.

“Waona, mwanangu? Aliyeiunda amesema mia mbili. Hawa wameitwika mia nne. Punda wa hapa mtaani ukimtwika hivyo si atavunjika mgongo?”

Zaki anakuna kichwa. “Mama, wageni hawapandi boti ya kobe. Wataka kasi.”

“Kasi sikukukataza. Iwe na mwili wa kuibeba.”

Hapo Taha anapandisha sauti. “Mama, we shona viti. Mambo ya mashine tuachie wanaume.”

“Niliwaachia mara moja,” asema Maisara. “Sitarudia.”

Mara hiyo moja ilikuwa miaka sita iliyopita. Nduguye, Badawi, alinunua boti ndogo iliyotumika, akaivua mashine yake na kuipachika kubwa zaidi, kwani pale ufukweni boti ilisifiwa kwa ukubwa wa mashine. Maisara ndiye aliyemshonea viti. Alipokuwa akikaza kiti cha nyuma, skrubu zilizunguka bure. Ubao wa ndani ulikuwa umelowa, umelainika kama mkate uliotiwa chai.

“Nilihisi kwa mkono wangu huu,” asimulia. “Nikajiambia, mimi fundi wa viti, la mashine lanihusu nini? Nikafunika kwa ngozi nyekundu. Watu wakasifu viti.”

Wiki mbili baadaye, nje ya mwamba, kwenye bahari kuu, mashine iling’oka na kipande cha nyuma cha boti. Wavuvi walimkuta Badawi asubuhi, amekumbatia jerikeni tupu. Siku hizi auza kahawa karibu na Ngome ya Yesu, na kigoda chake hukiweka akaipa bahari mgongo.

Tangu hapo Maisara hashoni kiti kabla hajagonga. Akisikia ubovu, hurudisha kazi. Mwaka huu amerudisha kazi nne, na wenye boti wawili hawamwamkii tena.

“Wasiniamkie,” asema. “Bora ninuniwe na walio hai.”

Anaomba bisibisi. Taha anasimama mbele ya kiti cha nyuma. “Viti vipya hivi, Bi Maisara! Wavifungulia nini?”

“Upya wake ndio ulionileta. Mtu hamvishi bibi kizee kanzu ya harusi bure. Nipishe.”

Skrubu ya kwanza inatoka bila kubishana na mkono. Nyuma yake yatiririka maji ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Anagonga pembeni: ko, ko. Anagonga katikati, pale mashine zilipofungwa: bu, mlio wa ubao uliooza.

Taha aanza kusema kwamba hayo ni maji ya mvua. Zaki hamsikilizi. Anamnyang’anya mamake mtalawanda, apiga magoti, anagonga mwenyewe. Ko. Ko. Bu. Anarudia palepale mara tatu, kisha anainuka na kujipangusa magoti.

“Mpe huyo wa Kizingo,” amwambia Taha. “Lakini mwambie aje na kiatu.”

Mwisho kabisa wa uwanja iko boti nyingine, futi ishirini na nne, rangi imepauka, viti vimechanika hadi sponji laonekana. Kibati chake kinaruhusu nguvu mia mbili na hamsini. Ina mashine mbili za mia na kumi na tano. Haitaruka kama ile nyeupe, ila urefu wake utakata mawimbi, na mashine moja ikifa, ya pili ipo. Maisara ameigonga kote. Imejibu ko kutoka upande hadi upande.

Zaki ashaanza kuchagua rangi ya viti. Mamake anamnyamazisha kwa kidole.

“Kwanza twende nje ya mwamba, mimi na we. Nitakaa nyuma, juu ya faiba tupu isiyo na kiti. Tukifika, nitaizima mashine moja kwa mkono wangu. Iliyobaki ikiturudisha nyumbani, ndipo nitatia uzi kwenye sindano.”