Mama Chupa na Koo za Nyoka

Saa mbili asubuhi, milango ya makumbusho ikiwa bado imefungwa, Mama Chupa anamtoa kifutu, nyoka mfu aliyehifadhiwa, kwenye chupa yake kwa mikono miwili, taratibu, kama anayembeba mtoto aliyelala. Anamwaga spiriti iliyogeuka rangi ya chai, anatia mpya, anamrudisha.

"Pole, mzee wangu. Leo unahama," anamwambia.

Wanahama kweli. Zamani nyoka wa chumba hiki walipangwa kwa kufuata ukali wao: wenye sumu huku, wapole kule. Sasa wataalamu wanataka kila mmoja akae na jamaa zake. Swila amewekwa jirani na koboko na nyoka wa baharini, maana ukoo wao ni mmoja. Kifutu, pamoja na sumu yake yote, ana ukoo mwingine.

"Sumu si udugu," anasema akicheka.

Mwanamke huyu aliajiriwa kufagia. Alipohamishiwa kwa nyoka, alilia. Ila kilichomchoma zaidi kilikuwa nyumbani: mama mkwe wake, anayeishi naye, aligoma kula chakula chake.

"Alisema mikono inayoshika nyoka haimlishi. Ninawe, nisugue, wapi! Akawa anajipikia pembeni, na miguu yenyewe mibovu."

Mwaka jana alimsihi bibi huyo aje kazini, mara moja tu. Akaja na mkongojo wake, leso puani, akagoma kuvuka kizingiti. Mama Chupa akamsogezea chupa ya chatu mchanga, akamwonyesha vikucha viwili karibu na mkia.

"Mama, haya ni mabaki ya miguu. Mababu zake walikuwa nayo, kama kenge na mijusi."

Bibi akainama. Leso ikashuka.

"Afadhali yeye anakwenda bila miguu. Mimi ninayo, na hainipeleki popote!"

Wakacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Jioni ile bibi aliketi mezani, sahani tupu mbele yake.

"Mkwe, nipakulie. Lakini unawe kwanza."

Mama Chupa anaposimulia hapo, machozi yanamlengalenga.

Chumba hiki hakijawahi kupokea wageni. Uongozi umemruhusu ajaribu kukifungua Jumamosi moja akimaliza kupanga rafu, na mama mkwe ameshadai kiti.

"Watu wanaua chochote kinachotambaa, hawaulizi," anasema, akikaza kifuniko. "Wakija wakamjua nyoka na ndugu zake, huenda siku moja fimbo ikasita hewani. Hata kidogo tu, apate kukimbia."