Kumbukumbu ya Kuchomoka

Baba yangu aliendesha malori ya bandarini tangu mimi sijazaliwa. Alipostaafu alibaki na gari dogo kuukuu, na ufunguo wake akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kisha akaanza kusahau. Siku moja alitoka kwetu Ilala kwenda kununua mkate, akakutwa Upanga, amekaa garini, anauliza wapita njia nyumbani kwake ni wapi.

Kaka yangu, tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, akataka ufunguo palepale. Nikagomba. Baba bila gari atabaki na nini? Mwisho tukaafikiana: tumnunulie kile kidude cha kuonyesha njia, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Siku zile Kariakoo ilikuwa imejaa kila kikorokoro cha Dubai. Akipotea tena, au akikivuruga, ufunguo utakwenda kwa kaka.

Mwenye duka, Mwarabu mchangamfu, alimpa baba shikamoo yake, akaweka vidude viwili juu ya kaunta.

"Mzee wangu, ramani ikae kwenye kumbukumbu ya ndani au ya kadi? Ya ndani haitoki. Ya kadi unaichomoa, unaletewa ramani mpya."

"Ya ndani," baba akasema hapohapo. "Kinachochomoka hupotea."

"Ya ndani yako si ndiyo iliyokufa!" kaka akadakia. "Mpe ya kadi huyu."

Duka zima likaangua kicheko. Baba naye akacheka, maskini, huku akitutazama mmoja mmoja apate kujua tunacheka nini. Aliyelipa ni kaka, na kadi ndiyo tuliyoondoka nayo.

Wallahi, baba alifurahi. Yule mwanamke wa ndani ya kidude alisema Kiingereza, baba akimjibu Kiswahili. Akiambiwa ageuke kulia: "We dada, hapo wamepanga nyanya, nipite juu ya vichwa vyao?" Lakini kila alipotoka, alirudi. Kaka akaanza kununa.

Asubuhi moja baba akawasha kidude, ramani hakuna. Kadi haimo. Alitafuta chini ya mazulia ya gari, kwenye kopo la sukari, ndani ya viatu, kwenye mifuko ya kanzu moja baada ya nyingine. Kaka alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Tafuta, mzee, tafuta. Au umeila?"

Kufika adhuhuri baba alikuwa analia. Akavua ile kamba shingoni kwa mikono yake mwenyewe, akampa kaka. "Nisamehe, mwanangu. Nimeipoteza." Wiki haikuisha, gari likawa teksi ya kaka.

Kadi niliiona mimi, nikifua. Ilikuwa kwenye mfuko mdogo wa suruali ya kaka, imefungwa kwa nailoni ya pakiti ya sigara isilowe. Nikamfuata ndani na povu mikononi. Hata hakushtuka.

"Ulitaka agonge mtoto wa watu?"

"Basi ungemwambia hivyo! Ungemnyang'anya ufunguo unamtazama usoni! Umemwacha mzee mzima anatambaa sakafuni, unakunywa chai? Huna haya wewe!"

"Yeye mwenyewe kashasahau," akasema, akajigeuzia ukutani kulala.

Nikaenda barazani kwa baba. Nikamwekea kadi kiganjani.

"Baba, kadi imeonekana."

"Alhamdulillahi! Ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwa kaka. Aliichomoa yeye, baba. Hukuipoteza."

Akaigeuzageuza kiganjani, kisha uso wote ukamchangamka.

"Ala! Kumbe nilimpa anitunzie, nikasahau! Na siku ile alikuwepo pale, ananiona natafuta, asinifedheheshe hata kidogo." Akanirudishia kadi. "Ana adabu sana yule. Mwambie baba anamshukuru."