Mfungo wa Baraka

Nilimwahidi mdogo wangu Masika, tukiwa kando ya kitanda cha hospitali mjini Butembo, kwamba sitarudi nyumbani kwangu Rughenda mpaka nimwone mwanawe akinywa dawa salama kwa wakwe zake huko Beni.

«Yaya, kule Koko ndiye anaamuru,» alinionya mimi mkubwa wake. «Mambo yako ya université utaiacha ku mulango.»

Koko ni mama mkwe wake. Mtoto ni Baraka, mwenye miezi mitatu. Tangu majuma yake ya kwanza alivuta pumzi kwa mlio, na nyumba nzima ikamwita Filimbi, ikimpa dawa za mafua. Daktari wa watoto aliitazama alama nyekundu iliyo kidevuni mwake, akapitisha kamera nyembamba kooni, akaona uvimbe wa mishipa midogo ya damu ukibana njia ya hewa. Akamwanzishia propranolol, dawa ya jamii ya bêtabloquant, ambayo wazee wetu huinywa kwa ajili ya moyo na shinikizo la damu. Kwa mtoto kama Baraka, husinyaza uvimbe wa namna ile. Wauguzi walimlaza siku kadhaa wakimpima mapigo ya moyo na sukari, kwa maana dawa hiyo huweza kushusha sukari ya mtoto mwenye njaa. Daktari alisisitiza: kwanza ziwa, kisha dawa; asiponyonya, asipewe, na hospitali ipigiwe simu.

Asubuhi ya Alhamisi tulipanda taksi. Tulipoufikia mlima wa Kabasha, Baraka alianza kulia, na mlio wake, uliokuwa umepungua lakini haujaisha, ukarudi. Dereva alisimamisha gari na kufungua boneti.

«Mukanda wa motere unalia,» alisema.

«Ni mutoto, shofere,» Masika alimjibu.

Dereva alirudi, akamtazama Baraka kwa heshima. «Pole, mukubwa. Nilifikiri ni gari yangu ndiyo iko mugonjwa.»

Beni tulifika mchana. Koko alitupokea mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

«Karibu, docteur!»

«Mimi si daktari, Koko. Nilisoma afya ya jamii.»

«Bon, docteur wa jamii, kula basi.»

Nilikula sombe, yaani kisamvu, na bugali kwa bidii ambayo kesho yake nilikumbushwa.

Ijumaa alfajiri nilimkuta Masika ameketi chumbani, bomba dogo la kupimia dawa mkononi, na Baraka akinyonya ngumi yake. Koko alikuwa ameahidi kwamba mgonjwa akirudi, nyumba nzima itafunga mpaka saa sita, wamama wa kanisa watakapokuja kushukuru. Nyumba nzima, hata anayenyonya.

«Kunyonya hapana mpaka saa sita,» Masika alisema kwa sauti ndogo. «Mais dawa, ulisema isikose.»

Nililichukua lile bomba, nikaliweka mezani. Nikaenda jikoni.

«Koko, mutoto anyonye sasa.»

«Mu Biblia, ku Ninawi hata ngombe zilifunga. Filimbi ni mukubwa kupita ngombe?»

«Ile dawa inashusha sukari. Akiinywa na njaa, anaweza kulala asiamuke.»

«Donc tuache dawa leo.»

«Uvimbe ukikua tena, atakosa hewa. Na hata bila dawa, yule ni mudogo sana kwa kufunga.»

Koko hakuwa mkaidi, alikuwa ameogopa kama mimi. «Nilimuahidi Mungu nyumba yote. Nani atafunga pa fasi yake?»

«Mimi.»

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta. «Wewe? Jana ulikula sombe mpaka sufuria ikasikia haya!»

«Mimi, Koko.»

«Bien. Ya kwako itaisha saa sita. Ya mutoto itaanzia pale, mpaka jua lizame.» Akageuka. «Masika! Mupe mutoto ziwa!»

Baraka alinyonya kwanza, kisha akanywa dawa, kisha akalala. Niliketi karibu naye nikihesabiwa kuwa ninaomba, kumbe nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Kabla ya wamama kufika aliamka akilia, akitaka ziwa tena, na sijapata kusikia wimbo wa kanisa uliopendeza kuliko kilio kile. Baada ya sala, wamama, ambao Koko alikuwa amekwisha kuwasimulia, walipitisha sahani za maharagi mbele yangu, mmoja baada ya mwingine.

«Ninawi, hata kidogo? Iko na mafuta!»

Jina hilo limenibaki.

Nilikaa Beni juma zima. Siku niliyoondoka, Baraka alilala kimya. Mlio ulisikika pale tu alipolia kwa nguvu. Koko alinifungia ndizi za njiani, akaniwekea sharti: matibabu ni ya miezi mingi, basi kila Ijumaa nitafunga fungu la Baraka. Sasa kila Ijumaa simu inalia Rughenda. «Ninawi, umekula?» Nami humuuliza, «Koko, amenyonya kwanza?» Tunajibiana, tunacheka, tunakata.

Nilikwenda nikiwa na maagizo ya daktari, nikidhani hayo yanatosha. Lakini Koko alikuwa na ahadi yake, na ilimpasa mtu kuibeba.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkisikia mtoto mchanga akipiga filimbi anapovuta pumzi, msimpe jina. Mpelekeni kwa daktari. Akipewa dawa hii, anyonye kwanza. Na kama nyumba yenu imeahidi kufunga, fungeni ninyi.