Mama Funguo na Pikipiki ya Greda

Mama Funguo alikijua kiti cha nyuma cha pikipiki ya mumewe kuliko alivyokijua kiti chochote cha nyumbani kwake. Alijua wapi sponji imebonyea, wapi bomba la moshi huunguza mguu wa aliyejisahau, na namna ya kuulegeza mwili kwenye kona hadi mwendeshaji asijue kama amebeba mtu au robota la pamba.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Barafu. Pikipiki yake ilikuwa ya zile ndefu za safari, za lami na za porini, tairi za meno mbele na nyuma, masanduku ya bati ubavuni ambayo aliyagonga kwa mkono wake. Mama Funguo naye alikuwa na kibanda cha kuchonga funguo pembeni ya kituo cha mafuta. Jina alilipatia huko. Mtoto hawakujaliwa. Jumamosi ikifika kila mmoja alifunga kazi yake, wakavaa helmeti, wakaungana na waendeshaji wenzao watano sita na kupotelea njia za vumbi mpaka jua lipoe. Alizipenda safari zile. Zaidi ya mara moja alimwomba mumewe amwachie usukani walau uwanjani, na Barafu alicheka kwa mapenzi tele.

"Hii ni nzito, mke wangu. Ikikulalia nitakuzoa kwa kijiko."

Naye akacheka, mambo yakaishia hapo.

Kisha akaja Greda. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelitumia. Alikuwa dereva wa greda kwenye kampuni iliyokuwa ikifungua barabara nje ya mji, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye viganja vigumu kama soli. Alijiunga na msafara akiwa na pikipiki yake mwenyewe, injini kubwa kuliko ya Barafu, na Jumamosi yake ya kwanza alipita kwenye tope lililowalaza wanaume wawili.

"Umemwona anavyosimama juu ya vikanyagio?" Barafu aliuliza usiku ule, anavua buti. "Magoti yamelegea, macho mbele. Wala haangalii tairi."

"Nimemwona."

"Na breki, hazigusi hovyo. Anaacha injini ifanye kazi."

"Nimesema nimemwona, baba."

Tangu hapo ikawa Greda na chai ya asubuhi, Greda na maji ya kuoga. Greda amesema upepo wa tairi upunguzwe mchangani. Greda anatumia mafuta gani ya mnyororo. Barafu hakuwa na lake jambo, alikuwa akisifu kama mtoto aliyeona treni, lakini kila sifa ilimwingia mkewe kama mwiba wa samaki: humezi, hutemi. Wifi yake, msusi, hodari wa kuchochea moto usio wake, alimletea na kuni.

"Wifi, yule ni kaka yangu, lakini wewe nakuambia ukweli," alisema, amejiegemeza kibandani. "Mwanamume hasifu breki za mwanamke bure."

"Nenda ukasuke watu."

"Naenda. Nimekwambia tu."

Mwezi ule ule msafara ukafika kwenye mto uliokauka, mchanga mtupu kutoka ukingo mpaka ukingo. Barafu akasimamisha pikipiki. "Shuka kidogo, mke wangu. Tukiwa wawili itazama." Akashuka. Barafu akavuka, anayumba kama mlevi, nyuma yake Greda akavuka kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Mama Funguo akavuka kwa miguu. Mchanga ulimjaa kwenye buti, helmeti ilimtokosa kichwa, na kila alipoinua macho aliwaona wale wawili ng'ambo, helmeti mapajani, wanapokezana chupa ya maji na kucheka. Alipofika, Greda alimpa na yeye ile chupa. Alisema hana kiu. Koo lilikuwa limekauka mpaka neno lenyewe lilitoka kwa taabu.

Njiani kurudi hakumshika mumewe kiunoni. Alishika vyuma vya sanduku.

Siku chache baadaye pikipiki kubwa ikanguruma nje ya kibanda, na Greda akainama kuingia.

"Dada, habari za kazi? Naomba unichongee ufunguo wa akiba. Nataka kwenda peke yangu kule milimani, siku kadhaa. Mume wako ameniambia hakuna mkono kama wako."

"Amekwambia," Mama Funguo alisema.

Aliupokea ufunguo, akaubana kwenye mashine, akaanza kuchonga. Vumbi la shaba lilimwangukia vidoleni. Milimani, peke yake, bila kumwomba mtu kiti. Alimwona huko, jua usoni, na roho ikamuuma hadi akasikia ladha yake mdomoni. Alipofika kwenye jino la tatu, mkono ukasita. Akaliacha refu kidogo, unene wa ukucha. Ufunguo wa namna hiyo huingia vizuri kabisa, lakini hauzunguki. Mtu akiupoteza ule wa kwanza huko aendako, atalala na mashine yake mpaka apatikane wa kumwokoa. Akaupitishia tupa juu juu, akaufuta kwa kitambaa, akampa.

Greda akashukuru, akatoka. Mama Funguo akaanza kupanga kufuli ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Alikuwa amekwishanyanyua mguu kumfuata, ndipo Greda mwenyewe akarudi mlangoni, ufunguo kiganjani.

"Nimeujaribu hapo nje. Hauzunguki."

Mama Funguo aliishika tena kufuli moja, akaihamisha na kuirudisha palepale.

"Kule kazini kwetu wanasema hujawahi kukosea ufunguo."

"Sijakosea huu pia," Mama Funguo alisema, na alipokwisha kulitoa la kwanza mengine yakaja yenyewe. "Nimeuharibu makusudi. Nimechoka kukusikia. Unaingia nyumbani kwangu kila siku na hujawahi kupiga hodi. Halafu siku ile mtoni mimi natembea kama punda, wewe unacheka na mume wangu."

Greda alivuta kigoda cha wateja, akaketi. Hakufoka. Alikaa akiugeuza geuza ule ufunguo mbovu.

"Tulikuwa tunamcheka yeye," alisema mwishowe. "Nusura adondoke mara tatu. Mume wako ni mtu mwema, dada, lakini mchanga haumtaki. Mimi simtaki pia, kama ndilo unaloogopa. Nina wangu, yuko mbali, ananitosha kwa kelele." Kisha akasema, "Ungeniacha nilale porini?"

"Nilikuwa nakuja kukuita."

"Nimekuona umeshanyanyua mguu." Akauweka ufunguo mezani. "Nichongee mwingine. Ukimaliza, toka nje uipande hii mashine. Mtu mwenye hasira hivi hawezi kukaa nyuma maisha yake yote."

Ndivyo alivyoanza. Jioni, kazi zikifungwa, walikutana kwenye kiwanja ambako kampuni ya barabara ilikuwa ikirundika kokoto. Siku ya kwanza pikipiki ilimlalia, kama alivyotabiriwa, isipokuwa hakuna aliyetafuta kijiko. Greda alimwonyesha namna ya kuigeuzia mgongo, kushika usukani na chuma cha nyuma, na kuinyanyua kwa miguu. Aliiangusha tena, akainyanyua. Klachi ilimchubua vidole. Alijifunza kwamba kwenye kokoto ukiogopa ukapunguza moto, unaanguka. Ukiongeza kidogo na kutazama unakokwenda, tairi hujitafutia njia.

Usidhani wivu ulikwisha. Ulihama tu. Sasa aliionea wivu ile miguu mirefu iliyogusa chini bila taabu, na ule utulivu wa mgongo, na jinsi Greda alivyoweza kuendesha huku anajikuna pua. Siku nyingine alirudi nyumbani amenuna kwa sababu Greda alimsifu mara moja tu.

Nyumbani, zamu ya Barafu ikafika. Mkewe alichelewa, buti zina vumbi, anaimba jikoni. Dada mtu akapita na kuni zake safari hii upande wa pili: "Kaka, mkeo kila jioni yuko wapi?" Barafu aliyeulizwa hilo asubuhi hakutengeneza hata friji moja sawasawa mchana kutwa. Jioni akafuata nyayo.

Alimkuta juu ya rundo la kokoto, amesimama kwenye vikanyagio, viwiko nje, anashuka mteremko. Alifika chini, akazunguka, akasimama mbele ya mumewe na kuvua helmeti. Uso wote vumbi, meno nje.

Barafu hakutabasamu. "Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe ungeweza kuniambia. Mimi nipo hapa miaka yote, na pikipiki ninayo, unakwenda kufundishwa na mtu wa jana."

"Nilikuomba. Ulisema nitazolewa kwa kijiko."

"Ilikuwa utani."

"Najua. Nilicheka."

Barafu aligeuka, akaenda zake bila kuaga. Kwa wiki nzima alimjibu mkewe kwa mkato. Meza ilikuwa na baridi kuliko friji zake zote. Alichokuwa akikionea wivu hata yeye hakukijua vizuri: mke, au mwalimu, au ule mteremko ambao alijua moyoni kwamba mwenyewe angeushuka kwa breki. Siku ya saba mkewe aliamka akakuta uani pikipiki ndogo, kuukuu, ya njia za vumbi, tangi limekwaruzwa, mnyororo umelala chini. Barafu alikuwa amechuchumaa kando yake, mikono myeusi kwa girisi.

"Nimeipata kwa mteja. Injini nzima," alisema bila kumtazama. "Kiti ni kimoja. Usije ukapakiza watu."

Mama Funguo alichuchumaa upande wa pili, akashika spana.

Jumamosi iliyofuata walitoka watu wote. Walipopumzika kileleni, chini ya nguzo ya simu, Greda aliinama kwenye injini ya Barafu, akamwonyesha bomba fulani, na Barafu akaanza: naam, naam, kweli kabisa, na lile jicho lake la mtoto aliyeona treni. Mama Funguo akahisi kitu cha zamani kinamsogea kifuani. Hakukiambia kiondoke. Alivaa helmeti, akawasha, akaingiza gia, akatangulia kuteremka kwenye njia ya mawe, na hakupunguza mpaka aliposikia nyuma yake injini mbili zikihangaika kumkamata.