Vidonge Viwili na Tende Moja

Mpaka leo nikilikumbuka jambo hili, hata niwe peke yangu jikoni, huvuta mtandio nikajifunika uso, kama kwamba masufuria yananitazama. Lakini nyinyi ni watu wangu, na bora mlisikie kwangu kuliko kwa dada yangu Nasra, maana Nasra akilisimulia hulitia chumvi, na lenyewe lishakolea tangu zamani.

Kwanza mjue kwamba nna maradhi ya kibofu. Hayaui, lakini yananitawala. Daktari wangu (mwanamke kijana, mpole, hacheki hata ukimwambia la kuchekesha) alinieleza kwamba misuli ya kibofu changu hujikaza yenyewe kabla wakati haujafika, kwa hiyo mimi nikihisi mkojo sina nafasi ya kutafakari, ni kukimbia, na miguu ya mtu aliyezaa watoto watano haikimbii sana. Iddi moja sikuuwahi mlango wa choo nyumbani kwa binamu yangu, nikaondoka bila kuaga, na tangu hapo nikaacha kwenda kwa watu. Harusini siendi, matangani nakaa kidogo nikaondoka, na kutembea ufukweni Qurum ndo kabisa, nilikusahau. Watu wakasema Bi Rayya siku hizi anajiona. Nikawaacha waseme, maana kuitwa mwenye majivuno kulikuwa na nafuu kuliko kuitwa kikojozi.

Daktari akanipa vidonge vya kukituliza kibofu, kimoja kila asubuhi, akanionya: mdomo utakauka, macho yanaweza kuingia ukungu, tumbo linaweza kufunga, na usizidishe hata ukiona havikutoshi, njoo kwanza uniambie. Nikaitikia "Inshallah" ile ya mtu asiyesikiliza. Na vilinisaidia, nisiseme uongo. Ila sikumwambia mtu, si Nasra wala mwanangu Haitham, na vidonge nilivificha nyuma ya kopo la iliki.

Sasa huyu Haitham, kitinda mimba wangu, akampenda msichana wa kazini kwao, Buthaina, wa Mabela. Waomani kama sisi, ila wazee wetu sisi walirudi huku Omani kutoka Unguja na wa kwao walirudi kutoka Bujumbura, na nyinyi mnayajua maneno yetu, msijifanye hamyajui. Miaka yote tumekaa tukiwaita wenzetu "watu wa bara", na tunalisema huku tumebetua midomo. Haitham alinibusu mkono akaniambia, "Mama, mimi nimewaambia wewe si hivyo. Nakuomba uende mwenyewe, wasije wakafikiri tunawadharau. Mamake kasema akiona dharau hata chembe, hamtoi mtoto wake." Kwetu wanawake ndo hutangulia kwenda kusema neno, wanaume wakafuata baadaye, na neno lenyewe lilikuwa juu yangu. Basi nikajua furaha ya mwanangu iko mdomoni mwangu.

Asubuhi ya siku hiyo nikameza kidonge changu kama kawaida. Alasiri, nishavaa, nishajifukiza udi, nikaanza kuhesabu misiba ambayo haijanifika: kutoka hapa Ansab mpaka Mabela na msongamano ule wa magari, halafu nyumba ya watu nisiyojua choo chake kiko wapi, halafu kahawa, finjani juu ya finjani, nami nikiwa msemaji siwezi kuinukainuka. Nikasogeza kopo la iliki, nikameza cha pili. Nikaona nimejiongezea kinga, kama mtu anayevaa sweta mbili.

Nasra ndiye aliyeendesha. Kabla hatujafika ulimi wangu ushakauka, moyo unanienda mbio, uso unawaka, na vibao vya barabarani sivisomi. Nikajisemea ni wasiwasi wa posa.

Tukapokewa vizuri mno. Mama wa msichana, Bi Shamsa, na bibi yake Buthaina, kikongwe mwenye macho makali kuliko yangu, na shangazi wawili waliokaa wakitutazama. Chini pametandikwa kila kitu: halwa, matunda, sambusa, na tende zilizojazwa lozi moja moja. Bi Shamsa akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nikaipokea, nikasema ahsante, nikaiweka chini imejaa.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia hapa anajua maana yake. Mgeni akiiweka kahawa chini bila kuigusa, ama ana ombi ambalo hatakunywa mpaka akubaliwe, ama ana kinyongo na wenye nyumba. Hilo nalijua tangu utoto, na siku ile lilinitoka kichwani kabisa kwa sababu kichwa chote kilikuwa kibofuni. Nikamwona bibi anaitazama ile finjani, nikadhani ananisifia pete.

Wakaanza kuniuliza hali. Nami nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu juzi, mazuri, yenye dua ndani yake, lakini ulimi umegandana na kaakaa, nikawa najibu neno moja moja. Wazima? "Wazima." Njiani salama? "Salama." Matunda? "Inatosha." Kisha akaingia Buthaina na sinia, mrefu, mwenye haya, na mimi kwa ule ukungu wa macho simwoni vizuri uso, nikakunja kipaji, nikakaza macho, nikamtazama toka juu mpaka chini kama mtu anayekagua kitambaa chenye kasoro. (Haya Nasra ndiye aliyeniambia baadaye. Mimi nilidhani natabasamu.)

Bi Shamsa akasema, "Basi kula hata tende, mama. Zile kazijaza Buthaina mwenyewe tangu asubuhi." Nikaona hapa nitaokoka, tende si maji. Nikaitia mdomoni.

Jamani, tende inataka mate. Mimi sina mate. Ilinasa juu ya kaakaa, nikiisukuma kwa ulimi haitoki, nikijaribu kuimeza haiendi, macho yananitoka, mara ikaelekea koo nikapaliwa, nikachomoa karatasi ya kujifutia nikaitema tende ya watu mbele ya watu. Nikaikunja ile karatasi vizuri, kana kwamba kukunja vizuri ndo adabu.

Buthaina akaweka sinia chini akatoka, na nyuma ya mlango nikamsikia analia. Nasra akanifinya mpaka leo alama ipo. Yule bibi ndo akasema, taratibu, bila ya hasira, "Mama, kahawa yetu hukuinywa. Mtoto wetu umemtazama ulivyomtazama. Na tende yetu imekushinda. Kama moyo wako hautaki watu wa bara, sema tu, hatutagombana. Mtarudi kwenu salama."

Bi Shamsa alikuwa ashaanza kuzifunika sahani.

Nikataka kujibu, ulimi hauinuki. Nikaiona picha ya Haitham akinibusu mkono. Na hapo ndo nikaelewa kwamba nna njia mbili tu: ama nitoke na siri yangu na mwanangu akose mke, ama niitoe siri. Nikaishika ile finjani, kahawa ishapoa, nikainywa yote kwa mkupuo, nikachukua na bilauri ya maji ya Nasra nikaimaliza, na ulimi ulipolegea nikasema:

"Mimi sina dharau. Mimi mkojo haunisubiri. Nilimeza vidonge viwili badala ya kimoja ili nisikuaibisheni hapa, vimenikausha mdomo na vimenitia kiza cha macho. Msichana wenu sijamwona mpaka sasa, nnaona kivuli tu, na nnamtaka kwa mwanangu kabla sijamwona. Kahawa nimeiogopa, sikuikataa."

Nilisema huku nalia, mtu mzima mimi. Nasra kashika mdomo. Shangazi mmoja akaanza kutikisika mabega, na sikujua kama analia au anacheka (alikuwa anacheka).

Bibi akamgeukia Bi Shamsa. "Funua hizo sahani. Mtu hukubaliwa kwanza ndipo akanywa. Huyu kesha kunywa, sasa tutamkatalia vipi?" Halafu akanigeukia mimi. "Na choo ni mlango wa pili, kulia. Ungeuliza tu, mama. Mimi nakwenda mara ngapi!"

Nikaenda, nikasindikizwa na Buthaina aliyenishika mkono macho yamemvimba. Na mnajua nini? Nilikaa mule ndani na hata tone halikutoka. Vile vidonge viwili vilikuwa vimekifunga kibofu kabisa, na mimi muda wote nimejinyima kahawa bure.

Daktari kesho yake hakucheka. Alinigombeza, akaniambia nimejihatarisha, mkojo ungeweza kuziba nikalazwa. Akanibadilishia dawa, nyengine isiyokausha sana, na ananifundisha kukizoesha kibofu kusubiri kidogo kidogo. Haitham aliniuliza jambo moja tu, "Mama, kwa nini hukuniambia?" Mficha uchi hazai, wamesema wenyewe, na mimi nilikaribia kumkosesha mwanangu hata harusi.

Kwa hiyo nimeapa: dawa ya daktari nitaimeza alivyosema daktari, na nikiingia nyumba ya mtu, salamu hazijesha nauliza choo kiko wapi, tena kwa sauti. Na kwa watu narudi kwenda.

Buthaina sasa ni mkwe wangu, na kila Ijumaa hunijazia tende kwa lozi. Hunipa ya kwanza kwa mkono wake, na hakai chini mpaka ameniona nimemeza.